Mkono wa Kiti cha Kulia

"Anatetemeka," alisema Mama Ambokile. "Kapteni, mwanangu anatetemeka. Ana baridi?"

Tulikuwa juu ya Ziwa Rukwa, alasiri, anga nyeupe, upepo hakuna. Hayo ndiyo yaliyoonekana kwenye kioo cha mbele. Kwa kweli tulikuwa Tukuyu, ndani ya lililokuwa banda langu la kuku, na mvua ya Tukuyu, ambayo haina adabu wala ratiba, ilikuwa inapiga bati juu yetu. Mama Ambokile alikuwa kiti cha kushoto. Alikuwa ameuachia usukani wake kidogo ili afunge kilemba vizuri, na mikono yake yote miwili ilikuwa kichwani. Mimi nilikaa kwenye kigoda nyuma ya viti. Kiti cha kulia hakikuwa na mtu, na usukani wake ulikuwa unakwenda.

Hilo la kwenda tulishalizoea. Mwenye kushoto akiachia, wa kulia hubeba ndege kwa dakika kadhaa, ukisogea, ukirudi, ukitulia, kwa mwendo wa mtu anayeijua kazi yake. Leo juu ya mwendo huo kulikuwa na kitu kingine, mtikisiko mdogo wa harakaharaka usiokoma.

"Ni waya, mama," nikasema. "Kuna waya umelegea. Nitaukaza."

"Waya."

"Ndiyo, mama."

Hakukuwa na waya uliolegea. Kila waya wa ndege ile niliuunga mwenyewe, na kwenye waya mimi si mtu wa mzaha. Nilimwambia hivyo kwa sababu nilikuwa nimeingiwa na hofu na nilitaka ashuke. Nikasimamisha picha, ziwa likaganda kwenye kioo, nikamshika mkono akatoka kitini taratibu, tukaenda jikoni kunywa chai.

Alikishika kikombe kwa mikono miwili kama kawaida yake, na chai ikawa inacheza ukingoni. Mama Ambokile ana maradhi ya kutetemeka mikono. Yalimwanza kabla hajanifahamu, na dawa anazopewa hospitali zinayapunguza tu. Niliitazama ile chai muda mrefu kuliko inavyoruhusu heshima. Nilikuwa nimetoka kuuona mtikisiko uleule, kwa kasi ileile, kwenye usukani wa kiti kisicho na mtu.

* * *

Niseme ilivyoanza, maana majirani wameshasema yao. Wao wanasema Kapteni Subilaga Mwaipopo kaleta maiti ya ndege nyumbani na anazungumza nayo. Sehemu ya kwanza wamepatia.

Niliendesha ndege aina ya Korongo mpaka sheria ilipopita kwamba ndege zijiendeshe zenyewe na mtu asiwepo mbele. Hakuna aliyetufukuza kwa maneno makali. Walitupa chakula cha mchana, saa ya ukutani, na wakatuombea maisha marefu. Nikarudi Tukuyu na mikono isiyo na kazi. Ndipo nikaenda kwa Yoramu, muuza vyuma chakavu wa Mbeya, nikamkuta na pua ya Korongo nyuma ya uzio wake, imepondeka upande wa kushoto, imekatwa nyuma ya viti vya marubani, mbuzi wanalala ndani. Nikaitamani kuliko nilivyowahi kumtamani mwanamume yeyote, na nilimwambia Yoramu hivyo hivyo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kuijenga kulinichukua misimu miwili ya mvua. Usukani wa kushoto ulikuwa umevunjika, nikatia wa ndege nyingine. Kioo cha pembeni ni cha basi. Pedali za miguu zinarudishwa na springi za Bajaji, na vifungo vya juu ya kichwa nimevikusanya kutoka ndege zisizojuana. Mbele nimejenga ukuta wa jipsamu uliopinda, projekta inautupia anga, na kompyuta inahesabu upepo na uzito. Ukikaa ndani na kufunga mlango, banda linapotea.

Usukani wa kulia ulikuwa mzima, nikauacha kama ulivyo, nikauunga tu na wa kushoto kwa chuma cha chini. Siku ya kwanza kuwasha nilikuwa nageuka juu ya Kyela, nikavuta ovyo, kama mtu ambaye hajashika kazi siku nyingi. Usukani ukanielemea. Halafu ukawa mwepesi. Nikatazama kulia, nikaona ule mwingine umevutika nyuma peke yake, unanisaidia. Nilitoka bandani bila kuzima kitu, nikakaa kwenye ngazi za jikoni. Mbwa wangu hajaingia bandani tangu siku ile.

Si pepo. Nilijua ni nini mara akili iliponirudia, kwa kuwa mimi mwenyewe niliendesha kwa sukani zile miaka ya mwisho ya kazi. Zimevikwa ngozi. Ngozi ya kiwandani, nyembamba, ya nyuzi zinazojikunja na kujikunjua, na inajifunza mkono unaoishika: unavyokaza, unavyosita, unavyovuta ukiwa umechoka na unavyovuta ukiwa umekasirika. Walituambia ni kwa usalama wetu, kwamba rubani akizimia usukani utabeba kwa mkono wake mwenyewe mpaka msaada upatikane. Kumbe tulikuwa tunawafundisha warithi wetu kazi. Ngozi za ndege zinazokwenda kuvunjwa zilitakiwa kufutwa kwanza. Hii ilitoka kwenye ndege iliyogonga Mlima Rungwe ndani ya ukungu, ikateremshwa vipandevipande na watu wenye kamba, na katika msiba ule nani angekumbuka kufuta usukani.

Rubani wa kulia aliitwa Ambokile Mwakasege. Nilimfahamu kwa salamu za redioni tu, sauti ya kijana mpole anayetaja kimo chake bila haraka. Jina lake nilimtajia Yoramu, na mdomo wa Yoramu hauna kufuli. Haikupita wiki, mwanamke mzee akasimama mlangoni kwangu na mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia mwanangu yuko kwako."

Nilimweleza kila kitu kuhusu ngozi, taratibu, ili asije akadhani mambo ya uganga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza akae wapi. Nikamkalisha kushoto, nikamwonyesha namna ya kuvuta. Akavuta kwa nguvu zake zile za uzee. Ndege ikamlemea, halafu ikawa nyepesi, na Mama Ambokile akaugeukia usukani wa kulia.

"Ni yeye," akasema.

"Umejuaje, mama?"

"Nikitoka sokoni alikuwa hanisubiri nimwite. Anakuja kunipokea. Lakini watoto wengine wanakunyakulia mzigo shingo ikabaki inauma. Huyu anaweka mkono chini ya mzigo kwanza. Ananisubiri nitoe shingo. Halafu ndiyo anachukua."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuhisi ule usubirifu, nikashindwa kuuelewa. Rubani hafundishwi kusubiri. Anafundishwa kuchukua mara moja na kusema amechukua. Ambokile aliutoa nyumbani, na wakaguzi wake wote hawakuweza kuuondoa mikononi mwake.

Toka hapo alikuja kila Alhamisi. Anakaa, anavuta, anapokelewa. Wakati mwingine ananyoosha mkono na kuushika ule wa kulia wenyewe, anaupapasa vidole ambavyo havipo. Kwa kufanya hivyo akajifunza kuendesha, na sasa ananyoosha mabawa vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafokea. Siku zisizokuwa zake niliruka mimi. Sikumwambia hilo. Nilikuwa nimezoea kuwa na mwenzangu upande wa kulia kwa maisha yangu yote, na nyumba yangu ina vyumba vingi vya kimya.

* * *

Baada ya ile chai nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi bandani, nikafungua kompyuta. Kila tuliporuka, kompyuta ilihifadhi mwendo wa sukani zote mbili. Nikachora mstari wa mwezi wetu wa mwanzo, na juu yake mstari wa siku ile.

Ule wa mwanzo ulikuwa laini, na palipokuja mzigo palikuwa na ule usubirifu wake, kituo kidogo kama pumzi iliyozuiwa, kisha mvuto mmoja safi. Wa leo ulikuwa umejaa meno madogo ya mtikisiko. Kituo kilikuwa kimebaki kidogo mno, unahitaji kukijua ndipo ukione. Na mwishoni mwa kila mvuto kulikuwa na kunyakua kwa nguvu kuelekea kulia, tabia mbaya ambayo mkufunzi wangu alinigombeza kwayo nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili. Ile ilikuwa yangu.

Nilijua, na nilikuwa nimejifanya sijui. Ngozi ile ikiwa ndegeni ilikuwa inarudishiwa kumbukumbu zake na mitambo ya makao makuu ya kampuni yetu, na mitambo hiyo ilizimwa kampuni ilipofungwa. Ikiwa peke yake haina mahali pa kuweka akiba. Nyuzi ni zilezile, na kila mkono unaoingia unazikunja upya, unamkanyaga aliyekuwepo. Huwezi kuiambia ihisi bila kujifunza, kwa sababu kwake kuhisi na kukumbuka ni tendo moja. Hata kuinakili huwezi. Kuisoma ni kuibonyeza, na kuibonyeza ni kuiandika.

Mama Ambokile alikuwa anamshika mwanawe mkono, na kwa kumshika alikuwa anamfuta. Mimi nilikuwa namsaidia kumfuta siku zilizobaki za wiki.

Nikampigia Yoramu.

"Si unazo hizo rekodi za mwanzo?" akasema. "Toa ngozi, weka kabatini, funga. Pale chini tia mota ya waipa ya gari, icheze rekodi. Usukani utakwenda vilevile. Bibi wa watu atajuaje?"

"Rekodi haijui kama amechoka, Yoramu. Itavuta inapotaka yenyewe."

"Kapteni, yule ana umri gani? Mwache afe na furaha yake."

"Huo ni uongo."

"Na wewe waya ulimwambia umelegea. Huo ulikuwa nini?"

Nilimkatia simu, na alikuwa na haki ya kucheka kama alicheka. Wazo lake lilibaki mezani pamoja nami. Lilikuwa baya na lilikuwa linafanya kazi. Kilichobaki cha Ambokile kingekuwa salama, mama yake angekuwa na Alhamisi zake, na hakuna ambaye angeumia isipokuwa mimi ninayejua. Nilijiambia ni huruma. Katikati ya huruma hiyo kulikuwa na kitu kingine nilichokiona vizuri na sikukipenda: nilitaka abaki kwangu, hata kama ni kabatini.

* * *

Jumatano asubuhi nilikuwa nimelala chali chini ya kiti cha kulia, spana mkononi, boliti mbili zimetoka, niliposikia mtu akipiga hodi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba na sikuwa nimeona kivuli chochote kikipita dirishani. Nilidhani ni sauti ya ndani ya kichwa changu.

"Hodi humu," ikasema tena. Alikuwa Mama Ambokile, kanga imelowa mabegani.

"Mama, leo si Alhamisi."

"Sikulala vizuri. Nikasema nije." Akaniangalia nilivyolala, akaangalia spana. Kwenye kigoda kulikuwa na mota ya waipa na waya zake. "Ndiyo huo waya uliolegea?"

Nilitoka chini ya kiti nikakaa sakafuni. Nilikuwa na uongo mwingine tayari, mzuri kuliko ule wa kwanza, na nilipofungua mdomo haukutoka. Nikamwambia kweli. Nilimwambia kuhusu nyuzi, kuhusu kukanyagwa, kuhusu mtikisiko ni wa nani. Nilimwambia na kunyakua kwangu kuelekea kulia. Nikamwambia mota ile ilikuwa ya kazi gani.

Hakulia. Aliingia, akakaa kitini kwake bila kushika kitu, akawa anatazama ukuta mweupe ambao haukuwa na anga.

"Kwa hiyo anatetemeka kwa sababu ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Nilidhani anaogopa. Jana usiku mzima nilikuwa nasema mwanangu anaogopa huko aliko, na mimi sina la kumfanyia." Akaifuta mvua usoni kwa ncha ya kanga. "Na ukishamtia kabatini?"

"Kilichobaki kitabaki. Hakuna atakayemgusa."

"Unamhifadhia nani?"

Nilisema huenda siku moja wataalamu watapata njia ya kuisoma ngozi bila kuibonyeza. Nilisema ni kumbukumbu, ni urithi, nikasema na maneno mengine ya aina hiyo yanayosemwa na watu kwenye mikutano.

"Mimi nilipewa sanduku limepigiliwa misumari," akasema. "Wakaniambia nisifungue. Niliponyanyua upande mmoja halikuwa na uzito wa mtu. Nikazika hivyohivyo, watu wanaimba, na mimi nafikiri, huyu tunayemzika hayumo. Sasa wewe unataka kumweka kwenye sanduku la pili."

"Mama, ukiendelea kumshika ataisha."

"Nimesikia."

"Alhamisi mbili, tatu. Pengine moja."

"Nimesikia, mwanangu. Mimi si kiziwi, natetemeka tu." Kidogo alitaka kutabasamu. "Mtu anaisha. Mume wangu aliisha mikononi mwangu, nikamwona anavyokwenda, nikamfunga macho. Ni kazi mbaya lakini ni yangu. Huyu wa pili walininyima. Alikuwa anakwenda wapi siku ile? Kiwanja gani?"

"Cha juu kule, Uporoto."

"Tangu nianze kuja hapa umenipeleka Rukwa, umenipeleka Kyela, umenipeleka mpaka Songea. Uporoto hujanipeleka hata siku moja. Wala ukungu hujaniwekea."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Ngozi hukumbuka mno kilichoingia kwa nguvu, na hakuna mkono unaokaza kama mkono wa dakika ile. Niliogopa kilichokuwa chini kabisa ya nyuzi zile. Niliogopa kwamba tukiingia kwenye ukungu huo mkono utafanya kilekile, na sisi tutakuwa ndani tukiuona.

"Rudisha boliti zako," akasema Mama Ambokile. "Mpeleke afike."

* * *

Nilirudisha boliti. Niliweka hali ya hewa ya siku ile kama ilivyotangazwa wakati wa msiba, mlima ukiwa kulia kwetu, kiwanja mbele, wingu kuanzia kimo cha misitu mpaka juu. Nikakaa kwenye kigoda. Nilitaka kukaa kushoto mwenyewe, lakini alikataa.

Tuliingia winguni kutoka upande wa mashariki. Kioo kikawa cheupe chote, na kwa kuwa nje ya banda nako kulikuwa kweupe, hata mimi niliyejenga kila kitu nilipoteza mahali nilipo. Nikamsomea kimo. Nikamwambia kushoto kidogo, pua usiinue, hivyohivyo. Usukani wa kulia ulikuwa umelala, ukitetemeka mtetemeko wa mama yake.

Halafu mtikisiko ukakoma.

Usukani ukakaza. Sijui neno jingine. Ulivutika nyuma mpaka mwisho wa njia yake, na ukakaa hapo, na chuma cha chini kinachoziunganisha sukani mbili kikalia. Mikono ya Mama Ambokile ilivutwa mpaka kifuani. Pua ya ndege ikapanda, mwendo ukaanza kufa, king'ora cha kupoteza mwendo kikaanza kupiga kelele. Mlima ulikuwa mbali nasi, nilikuwa nauona kwenye mitambo, hakukuwa na chochote cha kukimbia. Mkono ule haukujua. Wenyewe ulikuwa bado kule.

"Mama, tutaanguka. Sukuma."

"Hataki."

"Sukuma, mama, au nizime."

"Usizime." Alikuwa anahema. "Ameelemewa. Huoni ameelemewa?"

Nilishaweka kidole kwenye swichi. Ningezima na ingekuwa imekwisha, ngozi ingebaki na kile kilichokuwa ndani yake, na mimi ningelala. Nilikitoa kidole pale kwa shida kubwa.

Mama Ambokile hakusukuma. Aliachia mkono mmoja, akaupitisha chini ya usukani, kiganja kikitazama juu, akauweka hapo bila kubeba kitu. Akasubiri. King'ora kilikuwa kinapiga na yeye anasubiri, na mimi machozi yalikuwa yananitoka bila ruhusa.

"Toa shingo, baba," akasema. "Toa shingo kwanza. Mama nimeshika."

Sekunde ilipita, labda mbili. Usukani wa kulia ukalegea. Haukushuka kwa kishindo. Ulishuka taratibu, kidogokidogo, na kadiri ulivyoshuka ndivyo mikono ya Mama Ambokile ilivyozidi kuwa na uzito, mpaka ndege yote ikawa yake. Pua ikainama. Mwendo ukarudi, king'ora kikanyamaza.

"Nimechukua," akasema, na hilo nilimfundisha mimi.

Tulitoka chini ya wingu na taa za kiwanja zilikuwa mbele yetu, upande kidogo. Nilimwongoza mpaka kwenye njia. Aligusa ardhi kwa gurudumu moja, akaruka, akagusa tena, kama mwanafunzi yeyote, na ndege ikakimbia mpaka ikasimama katikati ya njia. Mvua ya kuigiza ilikuwa inapiga kioo. Nje ilianza ya kweli.

Niliinama mbele, nikaomba ruhusa kwa macho, nikauweka mkono wangu kwenye usukani wa kulia na kuusukuma kidogo, kuupa mzigo. Uliitikia mara ile ile, bila kusubiri hata kidogo, ukitetemeka.

"Yupo?" akauliza bila kugeuka.

"Hayupo, mama."

Alifungua kilemba chake, akakikunjua, akajifunika nacho mabegani kama wanavyofanya wanawake msibani wanaporudi kutoka makaburini. Nilimsikia anavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyemaliza kazi nzito.

"Sasa humo ndani kuna nani?"

"Wewe. Na mimi kidogo."

"Hm." Alinyoosha kidole akaugusa usukani, na vyote viwili vikawa vinatetemeka kwa pamoja, mkono na chuma, huwezi kusema kipi kinamfuata mwenzake. "Nikifa, kapteni, utataka kunifungia kabatini. Nakujua sasa."

Ndivyo nilivyokuwa nimeanza kufikiri.

"Usinifungie. Ruka na mimi kila siku. Nishike mpaka niishe."

Nikamwahidi.